Oveni Haijapoa

Meneja alipiga simu Ijumaa, wakati Mama Keki ana bakuli la mayai mkono huu na mwiko mkono ule. Hakumpigia yeye. Alimpigia Bibi, mama yake mzazi na mkwe wa Mama Keki, huku akijua kabisa kwamba wanawake hao wawili wanaishi chumba na sebule, na kwamba simu ya Bibi haisikiki mpaka uiweke spika. Kwa hiyo kila neno lilimfikia aliyekusudiwa, bila kusalimiwa.

"Mama, Jumapili mchana nakuja na pikapu. Naichukua ile oveni ya marehemu."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwangu. Mke wangu anataka kupanua kibanda chake. Si imekaa tu hapo uani?"

Bibi akamtazama mkwewe. Mama Keki akaitazama oveni kupitia mlango wa nyuma. Muda huo ilikuwa na trei mbili za keki ndani, na harufu yake ilikuwa imeshafika kwa majirani.

"Haijakaa tu," Bibi akasema. "Inafanya kazi kukushinda wewe."

"Mama, vitu vya kaka niachie mimi. Halafu mwambie shemeji atuandalie chakula cha maana. Nakuja na vijana wa kubeba, na watu hawafanyi kazi na njaa. Nyama, tafadhali. Siyo yale maharage ya siku ya msiba."

Simu ikakatwa. Bibi akaiweka mezani kifudifudi.

"Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Nilimbeba miezi tisa, sikujua nabeba macho makavu kiasi hiki."

Mama Keki alirudi kwenye mayai, akayapiga kwa hasira mpaka povu likavuka ukingo wa bakuli. Tangu mumewe azikwe, vitu vilikuwa vinaondoka nyumbani kimoja kimoja. Ilianza mashine ya kuchomelea, Meneja akasema anaiazima. Ikafuata baiskeli, kisha televisheni, na kila mara yeye alisimama mlangoni na shuka mabegani akasema "sawa, shemeji," kwa sababu mtu aliyefiwa hana nguvu za kugombea baiskeli. Lakini oveni ilikuwa jambo jingine. Oveni ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, ndiyo iliyonunua dawa za presha za Bibi, na ndiyo iliyomfanya yeye aonekane mtu pale mtaani. Wanawake wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakujaliwa mtoto, na watu walipoanza kumwita Mama Keki alijua fika kwamba wapo waliokuwa wakicheka pembeni. Akaamua kuliitikia hilo jina kwa sauti kubwa, kila siku, mpaka waliokuwa wakicheka wakachoka. Oveni ikiondoka, angebaki mama wa nini?

Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea. Aliitengeneza oveni hiyo kwa mabati mazito, kuta mbili mbili, na katikati ya kuta akajaza mchanga mkavu ili joto lisikimbie. Ikishakolea asubuhi, jioni bado unaweza kuanika soksi juu yake zikakauka. Na ilikuwa nzito, wacha utani. Siku walipoiingiza uani, wabebaji walitukana mpaka Bibi akaingia ndani kuziba masikio.

Bibi ndiye aliyeanza kusema. Alijikohoza kwanza, kama anavyofanya akitaka jambo.

"Si ameagiza nyama?"

"Ameagiza."

"Amesema ya kuchemsha?"

"Hakusema, Mama."

"Basi mimi nataka ya kuoka. Na viazi vya kuoka. Halafu baada ya hapo nataka keki, siyo ya oda ya watu, ya kwetu. Mgeni anakuja na njaa, hatuwapikii tena wageni siku hizi?"

Mama Keki akaacha kupiga mayai. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akamtazama yule mama mkwe wake aliyekaa na mikono mapajani, uso mtulivu kabisa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Bibi naye alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.


Mwenye bucha alikuwa na habari tayari.

"Nasikia Jumapili una wageni wa kukuhamishia jiko," akasema huku akinoa kisu. "Na bado unawanunulia nyama?"

"Nipe paja zima. Lenye mafuta kidogo kwa juu."

"Mimi ningewapa utumbo, tena usiooshwa."

"Wameomba nyama. Mimi siyo mchoyo."

Mwenye bucha akaliteremsha paja moja kutoka kwenye ndoano, akaligeuza. "Hili ni kubwa, Mama Keki. Hili litachelewa sana kuiva."

"Ndilo ninalolitaka."

Akamkazia macho, kisha akalitupa kwenye mizani, na mizani ilipozidi kidogo hakupunguza kitu. Mama Keki alilipa kwa hela ya unga wa wiki iliyokuwa inakuja. Alitegemea roho imuume. Haikumuuma hata kidogo, na hilo lilimshangaza njia nzima ya kurudi nyumbani.


Jumapili aliwasha mkaa mapema, akajaza droo ya chini mpaka juu, akatandaza mwingine kwenye trei ya juu ya paa la oveni, akafunga milango na kuiacha ijikoleze. Wakati huo akalitengeneza paja. Alilipaka chumvi na pilipili manga, akalitoboa kwa ncha ya kisu huku na huku na kuzamisha vipande vya kitunguu saumu katika kila tundu. Akatandika vitunguu maji kwenye trei, akalilaza paja juu yake, upande wa mafuta ukitazama juu.

Ili ajue kama moto umefika, alinyunyiza unga kidogo kwenye trei tupu, akaiingiza. Unga ukageuka kahawia taratibu. Akaingiza nyama.

Bibi alikaa kwenye kigoda akimenya viazi kwa kisu kilichokuwa butu tangu zamani, na ambacho alikataa kinolewe. Alimenya maganda mazito, na Mama Keki siku hiyo hakumkosoa. Viazi vikachemshwa nusu, vikamwagwa maji, sufuria ikatikiswa ili vichubuke ngozi na kushika mafuta vizuri. Karoti zikakatwa. Kila kitu kilikwenda kama kawaida, ila Mama Keki alitupa jicho mlangoni kila mara.

"Mama, akikasirika je?"

"Akasirike. Nimemwona akikasirika tangu hana meno."

"Atasema unanipendelea mimi kuliko damu yako."

"Nami nitasema ndiyo." Bibi akatupa kiazi ndooni, maji yakamrukia miguuni. "Usikimbize moto, mwanangu. Leo hatuna haraka."


Pikapu iliegeshwa mlangoni jua likiwa utosini. Alitangulia kushuka Meneja. Watu wote walimwita hivyo kwa sababu aliwahi kukaimu umeneja wa ghala moja, kwa muda mfupi, mwenye cheo alipokuwa mgonjwa. Mwenye cheo alipona akarudi kazini kwake, lakini mwendo wa umeneja haukumtoka mwenzetu. Nyuma yake alishuka mkewe ameshika futi kamba, na nyuma kabisa wakaruka wabebaji wanne, mmoja wao amevaa kofia ya sufu na jua lote lile.

"Hamjambo humu," Meneja akasema, akapita. Mkewe hakusema hata hilo. Alikwenda moja kwa moja kupima upana wa mlango wa uani, akapima na ujia, akitaja tarakimu kwa sauti kama fundi aliyekuta nyumba tupu. Mama Keki alikuwa amesimama hapohapo na kitambaa mkononi, na ilibidi asogee ili futi kamba ipite. Kisha yule mwanamke akaifikia oveni, akashika mpini wa mlango ili aone kama unafunga vizuri.

"Mama yangu wee!" Akaruka nyuma, vidole mdomoni.

"Pole, shemeji," Mama Keki akasema. "Ni oveni. Huwa ina moto."

Meneja akaja mbio. Akaisogelea oveni kwa uso, akahisi joto, akarudi hatua. "Hii ni nini? Hamkuambiwa nakuja kuichukua?"

"Tuliambiwa."

"Sasa?"

"Tuliambiwa pia mnakula nyama. Ningeioka wapi, shemeji, kichwani?"

Yule wa kofia ya sufu akageukia ukutani na kukohoa kikohozi kirefu sana.

"Si ungepika kwenye jiko la kawaida!"

"La kawaida paja zima haliingii. Karibuni mkae kivulini, hapo ukutani panachoma."

Meneja akamtazama mama yake. Bibi alikuwa anafuta sahani kwa kanga ya zamani, moja baada ya nyingine, na hakuinua kichwa. Hapo ndipo mtu mzima alipobanwa. Chakula alikiagiza kwa mdomo wake mwenyewe, mama yake yupo, wabebaji wameshasikia harufu na wameshaanza kunawa mikono. Kuondoka asingeweza, na oveni isingeshikika.

"Itapoa saa ngapi?" akauliza.

"Kwanza nyama itoke."

"Na ikitoka?"

"Ikitoka tutakula," Bibi akasema.


Nyama ilitoka baada ya dereva wa pikapu kukumbusha mara kwa mara kwamba ana mzigo mwingine wa kubeba jioni. Mafuta ya juu yalikuwa yamekauka na kupasuka, yamekuwa na rangi ya asali, na viazi vilikuwa vigumu nje hata ukivigonga kwa uma vinalia. Mama Keki akaliacha paja lipumzike chini ya kitambaa, akatengeneza mchuzi mzito kwa vile vilivyobaki kwenye trei, akikwangua vitunguu vilivyoungua pembeni. Wanaume walimtazama kwa macho ya watu waliokaa mbele ya jukwaa. Kisha akaanza kukata.

Bibi alipewa kwanza, kama inavyostahili. Na Bibi akala. Meno yake yalikuwa machache, na hayo machache siku hiyo hakuyatumikisha. Kila kipande alikitafuna kwa muda mrefu akitazama mbali, akakimeza, akafuta mdomo, akasifu, ndipo akachukua kingine. Hakuna aliyethubutu kunawa mikono akainuka huku mzee bado anakula.

"Mama, nyama hii umeiombea dua," yule wa kofia akamwambia Mama Keki, na akaongezewa bila kuomba. Dereva naye akanyamaza kuhusu mzigo wa jioni. Hata Meneja, ambaye alikuwa amekaa upande upande kitini kuonyesha kwamba hajaja kukaa, alirudi kwenye sinia mara ya pili, kisha ya tatu kwa kisingizio cha karoti.

Mkewe alikula viazi. Alivikatakata vidogo, akavigeuza, akatazama ndani yake.

"Kumbe inaoka vizuri," akasema. "Ikifika kwangu nitaipaka rangi, hii ya sasa inatia huzuni. Halafu shemeji, utakuja siku mbili tatu unielekeze moto wake. Si hutakuwa na kazi tena?"

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Kisu cha Mama Keki kikasimama katikati ya nyama. Alitamani kusema neno, na maneno yalikuwepo, mengi tu, lakini yalikwama palepale yalipokwama siku ya baiskeli. Akamalizia kukata. Akachukua trei ya keki iliyokuwa tayari, akaenda kwenye oveni, akaongeza mkaa kwenye droo, akafungua mlango na kuiingiza.

Alikuwa ameichanganya asubuhi kabla hawajafika: siagi na sukari iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, mayai, unga, na maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa laini. Mume wake aliipenda hiyo. Ya oda ilikuwa na mapambo juu, hii haikuwa na kitu.

Meneja akasimama. "Unafanya nini hapo?"

"Keki. Mama ameagiza."

"Umeongeza mkaa! Nimekuona kwa macho yangu umeongeza mkaa!"

"Keki haiivi kwa maombi, shemeji."

Wabebaji wakacheka waziwazi sasa, maana walikuwa wameshiba na mtu aliyeshiba hamwogopi bosi wa siku moja. Kicheko hicho ndicho kilichomharibu Meneja. Uso ukamvimba. Akaamrisha magunia yaloweshwe, akaamrisha oveni ibebwe hivyohivyo na moto wake na keki yake. Mmoja akalowesha gunia, akaligusisha ubavuni mwa oveni, mvuke ukapanda mpaka kidevuni. Yule wa kofia akatikisa kichwa.

"Hapana, bosi. Mikono hii ndiyo inayonilisha."

"Nawalipa!"

"Ngozi utailipa?"

Meneja akaenda kwenye pipa la maji pembeni ya mlango, akachota ndoo, akarudi nayo maji yakimmwagikia viatu. Majirani walikuwa wameshatoka. Wengine walijifanya wanaanua nguo, wengine hawakujifanya kitu.

Mama Keki akasimama mbele ya oveni. Hakuwa amepanga kusimama. Alikuwa amepanga kuchelewesha tu, kuwalisha na kuwatafunisha mpaka gari liondoke, na kesho yake angejua la kufanya. Sasa joto lilikuwa linamchoma mgongoni na shemeji yake yuko mbele na ndoo.

"Pisha, shemeji."

"Ukimwaga maji bati litapinda. Milango haitafunga tena. Utakuwa umebeba chuma chakavu."

"Afadhali chuma chakavu, lakini changu."

"Chako tangu lini?"

"Cha ndugu yangu! Wewe hapa una nini?" Sauti ilimpanda, na akaiacha ipande. "Nyumba ya kupanga. Mtoto huna. Ulikuja kwetu na begi, utatoka na begi!"

Hata mke wa Meneja aliinamisha macho. Mama Keki alikuwa amelisikia neno hilo miaka mingi likisemwa vichochoroni na kwenye foleni ya maji, likikatishwa kila anapotokea. Hakuwahi kuambiwa usoni. Lilimuuma kuliko joto la mgongoni, likamuuma zaidi kwa sababu limesemwa mbele ya watu aliotoka kuwapakulia chakula kwa mkono wake.

Bibi akaweka sahani chini.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo unachukua vitu vyote vya ndugu yako?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo haki."

"Vyote?"

"Vyote."

Bibi akainuka, akaingia ndani. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa na fungu la nguo alilofunga kwa shuka, mfuko wa dawa zake, na fimbo. Akapita katikati yao bila kumgusa mtu, akavuka ujia, akafika kwenye pikapu. Dereva, ambaye alikuwa amerudi kukaa ndani, akashuka mbio kumfungulia. Bibi akapanda kiti cha mbele, akaweka fungu mapajani, akafunga mlango.

Wote wakamfuata nje. Meneja alikuwa bado ameshika ndoo.

"Mama, unafanya nini?"

"Na mimi nilikuwa wa ndugu yako," Bibi akasema kupitia dirishani. "Yeye ndiye aliyekuwa ananilisha. Ulichukua mashine, ukachukua baiskeli, ukachukua televisheni. Mimi umenisahau kila safari. Leo nimekurahisishia, nimejipakia mwenyewe."

Mbebaji mmoja akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Mama, teremka. Watu wanatazama."

"Watazame. Nauliza, kwako nalala wapi?"

Meneja akamtazama mkewe. Mke akaikunja futi kamba, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama, kile chumba cha nyuma tumejaza mzigo wa kibanda. Ndiyo tatizo. Pamebana sana."

"Na oveni mngeiweka wapi?"

"Si hapo..." Akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Hapohapo," Bibi akasema. "Haya. Nafasi ya oveni ipo."

"Siyo hivyo, Mama," Meneja akasema. "Tutapanga. Mwezi ujao, au mwingine. Mambo yakikaa sawa."

Bibi aliendelea kutazama mbele kupitia kioo, kama abiria anayesubiri gari liondoke. Mama Keki alikuwa amesimama upande wa mlango, na kutoka hapo aliona mkono wa Bibi juu ya fungu la nguo. Ulikuwa umelishika fundo la shuka kwa nguvu zote. Ndipo alipoelewa kwamba Bibi hakuwa anaigiza, au alianza kwa kuigiza na njiani likawa kweli. Mama yule alikuwa anasubiri mtoto wake pekee aliyebaki aseme njoo. Alikuwa amempa nafasi ya kusema mbele ya mtaa mzima, na mtoto amesema mwezi ujao.

Hapo hofu ya Mama Keki iliisha. Ilikwisha kabisa, kwa mara moja, na badala yake ikaja hasira safi, isiyo na kutetemeka. Akafungua mlango wa pikapu.

"Mama, teremka."

"Niache nijibiwe."

"Umeshajibiwa."

Bibi akageuza uso. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Wewe huna wajibu na mimi, mwanangu. Aliyenileta kwako amekufa."

"Sijazungumzia wajibu. Nimesema teremka, keki itaungua."

Alichukua fungu la nguo kwanza, akaliweka begani mwake mwenyewe, kisha akampa Bibi mkono. Wakarudi uani polepole, na watu wote wakarudi nyuma yao, Meneja katikati na ndoo yake ambayo hakuna aliyemkumbusha aiweke chini.

Keki ilikuwa imeiva. Aliichoma njiti katikati, njiti ikatoka kavu. Akaitua mezani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akaivuta droo ya mkaa, akaimwaga yote chini kwenye udongo, cheche zikaruka. Akashusha na mkaa wa trei ya juu. Akaifungua milango yote miwili, wazi kabisa, joto likatoka kwa mkupuo watu wakarudi nyuma. Akamnyang'anya Meneja ndoo, akamwagia maji yale makaa pale chini, na ndoo tupu akamrudishia mkononi.

Kwa sekunde moja uso wa Meneja ulinawiri. "Sasa umefanya la maana," akasema.

"Ulitaka ipoe, inapoa," Mama Keki akasema. Alizungumza kwa sauti ya kumfikia aliye mbali. "Tangu asubuhi nimejificha nyuma ya moto kwa sababu nilikuogopa. Nilidhani bila moto sina la kusema. Sasa sikiliza. Oveni hii haitoki. Haitoki ikiwa ya moto na haitoki ikiwa baridi. Aliitengeneza mume wangu, ninaifanyia kazi mimi, na anayekula kutoka humo ni mama yako. Mtoto sina, kweli. Begi nilikuja nalo, kweli, na lipo chini ya kitanda, na litakaa hapo. Ukitaka kuibeba, chukua kiti. Kaa ungoje. Ikishapoa simama uibebe mbele ya hawa watu wote, na kabla hujaiinua uwaambie kesho mama yako atakula nini."

Meneja alifungua mdomo.

"Na mashine ya kuchomelea irudi," akaongeza. "Uliazima."

Kutoka upande wa nguo zilizoanikwa mtu akasema "Eeh!" na mwingine akapiga kofi moja. Yule wa kofia ya sufu akalikunja gunia bichi, akaliweka miguuni mwa Meneja kwa adabu.

"Bosi, sisi tunashukuru kwa chakula," akasema. "Lakini kazi hii tafuta wengine."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna. Nimejisemea."

Mke wa Meneja ndiye aliyekwenda garini kwanza. Alipita karibu na Mama Keki, akasita, akatazama vidole vyake vilivyoungua, akatazama keki, akaenda zake. Meneja alikaa dakika chache zaidi. Alizunguka oveni upande mmoja, akazunguka upande wa pili, akaikagua kama anayeamua kwamba hata hivyo haifai. Alisema mambo haya yatazungumzwa na wakubwa wa ukoo. Bibi akamjibu kwamba mkubwa wa ukoo ni yeye, na yupo, na ameketi. Dereva akapiga honi.

Pikapu iliondoka na watu wawili mbele na dereva. Wabebaji walibaki, wakala keki wamesimama, wakaomba maji, wakaaga mmoja mmoja. Majirani waliobaki walipata vipande pia, vyembamba, kwa sababu keki moja ni moja. Mwenye bucha alituma mtu kuulizia yameishaje, naye akapelekewa chake ndani ya karatasi.

Bibi alikula kipande chake haraka, kwa meno yote aliyokuwa nayo. Kisha akaomba kingine, akala hicho nacho, na makombo akayachota kwa kidole. Hakumtaja mtoto wake. Aliuliza tu kama kesho kuna oda, akaambiwa ipo, ila unga hakuna, hela imekwenda kwenye nyama. Akafungua mfuko wake wa dawa, akatoa noti aliyoikunja ndogo sana na kuificha chini ya vidonge, akaiweka mezani akatazama ukutani.

Usiku ulipokuwa umekwenda sana, Mama Keki alitoka na kuweka kiganja ubavuni mwa oveni. Ilikuwa baridi. Milango ilikuwa wazi, ujia ulikuwa wazi, na mtu yeyote mwenye wenzake wa kusaidiana angeweza kuja kuibeba. Hakuna aliyekuja. Akafagia jivu, akafunga milango, akapanga mkaa wa kesho kwenye droo.